Gari linatetemeka likiwa sailensa: maswali ninayoulizwa gereji

Gereji yangu iko Tabata, Dar es Salaam, mwembe mmoja na paa la mabati. Magari yanayoingia ni yale yale ya mtumba kutoka Japani: IST, Vitz, Passo, Premio, Fielder, Noah za zamani, X-Trail moja moja. Na malalamiko yanayoongoza ni haya: "Fundi, nikisimama kwenye foleni gari linatikisika, nikikanyaga mafuta linatulia." Nimeyajibu kwa simu mpaka nimechoka, sasa nayaandika. Mengi unaweza kuyaangalia mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi. Ninachokuomba ni kimoja: usinunue spea kabla hujajua ni silinda ipi inayosumbua, na inasumbua wakati gani.

Sailensa ni nini hasa, na resi zinatakiwa kuwa ngapi?

Fundi wa Tanzania akisema sailensa anamaanisha injini inanguruma yenyewe, mguu haupo kwenye mafuta. Mkenya ukimwambia hivyo atainama kuangalia bomba la moshi, kwa hiyo mkiongea kwa simu hakikisheni mnazungumzia kitu kimoja.

Injini kama 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye IST, Fielder, Probox, Spacio na Premio ndogo, ikishapata moto hukaa kati ya resi 600 na 800 (mizunguko ya injini kwa dakika) kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Asubuhi ikiwa ya baridi hupanda hadi 1200 au zaidi kidogo, halafu hushuka taratibu kadiri maji yanavyopata joto. Hapo hakuna ugonjwa. Ugonjwa ni mshale kuchezacheza, kuporomoka chini ya 500 gari likitaka kuzima, au mlio wa ekzosi kuruka pigo. Chukua karatasi, ishike nyuma ya bomba la moshi. Injini nzima huisukuma karatasi mfululizo. Injini inayomisi, yaani yenye silinda inayoruka mlipuko, huisukuma, huisukuma, inaiacha, huisukuma. Wakati mwingine utaiona inavutwa kidogo kuelekea bombani.

Kabla sijafungua boneti, niangalie nini?

Wakati. Hili ndilo swali la kwanza ninalomuuliza mteja na ndilo analolijibu vibaya kuliko yote, kwa sababu wengi husema "linatetemeka tu, fundi, muda wote". Si kweli, fuatilia siku mbili. Je, ni asubuhi tu, dakika ya kwanza? Ni mpaka lipate moto? Ni likiwa kwenye D na umekanyaga breki, lakini ukiweka N linatulia? Ni ukiwasha kiyoyozi? Ni baada ya kujaza mafuta? Ni baada ya mvua, au baada ya kuosha injini?

Kila jibu hapo linafunga milango kadhaa. Linalosumbua likiwa la baridi tu mara chache huwa na mauntingi mbovu (mipira inayoshikilia injini) kama chanzo. Linalotetemeka kwenye D tu, mshale umetulia tuli, mara chache huwa na plagi mbovu (zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli). Ukija na jibu hilo umenipunguzia nusu ya kazi, na mimi nitakupunguzia bei.

La pili, jiulize kitu gani kiliguswa mwisho. Kama gari lilikuwa zima Ijumaa, Jumamosi likaenda sevisi, Jumatatu linatetemeka, usianze kufikiria pampu ya petroli. Fungua boneti uangalie boksi la filta ya hewa kama klipu zimefungwa zote, mpira mkubwa unaotoka hapo kama umekaa vizuri, soketi ya sensa ya hewa kama imebana, na kifuniko cha kujazia oili kama kipo. Nimewahi kukiona kifuniko cha oili kimelala juu ya betri, gari limetoka Morogoro hivyo hivyo.

Nitajuaje kama ni injini au ni mauntingi?

Angalia mshale wa resi, halafu usikilize makalio yako. Mshale umetulia lakini kiti, usukani na kioo cha kati vinatikisika: anza na mauntingi. Mshale unacheza pamoja na mtikisiko: ni injini.

Kipimo cha pili: mtu mmoja asimame pembeni, siyo mbele ya gari. Hendibreki juu, mguu wa kushoto kwenye breki kwa nguvu, weka D, gusa mafuta kidogo sana, kisha fanya vivyo hivyo kwenye R. Aliye nje aangalie injini. Ikinyanyuka na kuanguka kama mtu anayeshtuka usingizini, mauntingi imekwisha. Kwenye Toyota ndogo inayotangulia kufa mara nyingi ni ile ya kulia, upande wa mikanda, yenye majimaji ndani. Ikipasuka utaona weusi wa mafuta umetiririka chini yake.

Angalizo: watu hubadilisha mauntingi moja mpya kabisa na kuacha tatu zilizolala, wakashangaa mtikisiko umehama tu. Zikague zote.

Nina Passo ya cc 1000. Inatikisika tangu niinunue. Ni ugonjwa?

Huenda si ugonjwa. Injini ya 1KR-FE ina silinda tatu, na silinda tatu kwa umbile lake haina ulinganifu wa nne. Inalipuka kila nyuzi 240 za mzunguko badala ya kila nyuzi 180. Tafuta Passo nyingine inayofanana, kaa ndani, linganisha. Ila kumbuka kwamba silinda moja ikifa kwenye injini ya tatu umepoteza theluthi ya nguvu, na hapo hutahitaji kuuliza mtu.

Fundi kasema nibadili plagi. Nibadili?

Kwanza zitoe uzisome. Plagi ni barua kutoka ndani ya silinda, na kuzitupa bila kuzisoma ni hasara hata kama zilishachoka. Zipange chini kwa mpangilio wa silinda. Kwenye 1NZ namba 1 ni ile ya upande wa mikanda. Rangi ya kahawia iliyofifia au kijivu ni nzuri. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria ya kuni: petroli imezidi, au moto ni dhaifu. Nyeusi yenye kung'aa na unyevu wa oili: oili inapita kwenye ringi au sili za valvu. Nyeupe kama chokaa: hewa imezidi, silinda inaungua kwa joto. Ikiwa zote nne zinafanana, tafuta tatizo linalogusa injini nzima, kama hewa, sensa au presha ya petroli. Ikiwa moja tu ni tofauti na wenzake, umeshaipata silinda. Sasa tafuta sababu yake.

Angalia pia tundu ilimotoka plagi. Ukikuta oili imejaa humo, sili za juu zimekwisha, na oili hiyo hulainisha mpira wa koili (inayoipa plagi umeme) mpaka moto unavuja pembeni badala ya kwenda kwenye plagi. Hapo ukibadili plagi bila kubadili sili utarudi baada ya miezi michache.

Kuhusu aina: plagi za kawaida zenye ncha ya nikeli hazifiki mbali, kilomita 20,000 hadi 30,000 zinatosha. Za iridiamu hufika hata 100,000. Namba iliyoandikwa ina maana. Denso K16R-U11 na NGK BKR5EYA-11, zile zinazoingia kwenye 1NZ, hiyo 11 mwishoni ni mwanya wa milimita 1.1. Mtu akikuuzia zenye mwanya wowote ule kwa maneno ya "zote sawa tu, bosi", mrudishie. Na plagi feki zipo tele. Mimi hushika moja mkononi naangalia chuma cha kati kama kimenyooka katikati ya ncha, na maandishi kama yanafutika kwa kucha. Si kipimo cha maabara, lakini kimeniokoa.

Sina mashine. Nawezaje kuijua silinda iliyokufa?

Injini ikinguruma, chomoa soketi ya nozeli moja (kile kifaa kinachopuliza petroli), sikiliza, rudisha. Nenda ya pili. Ukichomoa ya silinda nzima, injini inashtuka na kutetemeka zaidi. Ukichomoa na hakuna kilichobadilika, hiyo ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi tangu mwanzo.

Mafundi wengi huchomoa soketi za koili badala ya nozeli. Inafanya kazi, lakini petroli inaendelea kumwagwa ndani bila kuungua na yote inaishia kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Kama huna njia nyingine, fanya kwa sekunde chache tu. Na usivute koili yenyewe juu injini ikiwa inawaka ili "kuona moto". Umeme wake ni maelfu ya volti, na pale pana mvuke wa petroli.

Nimejua ni silinda ya pili. Ni koili, plagi au nozeli?

Hamisha. Koili ya pili ipeleke ya tatu, ya tatu ilete ya pili. Washa. Kama ugonjwa umehamia silinda ya tatu, koili ni mbovu. Kama umebaki pale pale, rudia kwa plagi. Ukibaki tena, angalia nozeli na waya wake, halafu kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Hii haigharimu kitu zaidi ya spana namba 10 na nusu saa, lakini bado naletewa magari yaliyobadilishwa koili zote nne wakati tatizo ni waya uliotafunwa na panya.

Usijisumbue kupima koili hizi za Toyota kwa mita. Zile zenye pini nne zina saketi ndani, mita haisemi ukweli wake. Kuhamisha ndiyo mita. Kuhusu kununua ya mtumba au mpya: kama mpya unayopewa ni ya bei ya chai, nachukua ya mtumba iliyotoka Japani, ila nafungiwa na kujaribu hapo hapo dukani. Muuzaji akikataa kujaribiwa, naondoka.

Resi zinapanda na kushuka zenyewe, kama gari linapumua.

Mara nyingi lina hewa ya wizi. Kompyuta, au kontroo boksi kama tunavyoiita, inapima hewa inayoingia kwenye mlango, kisha inatoa petroli inayolingana, sehemu moja ya petroli kwa 14.7 za hewa kwa uzito. Hewa ikipenya baada ya kipimo, kupitia mpira uliopasuka au gasketi iliyochoka, haijahesabiwa. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inayumba, kompyuta inarekebisha, inazidisha, inapunguza. Ndiyo huko kupumua. Na ukikanyaga mafuta linatulia kwa sababu ile hewa ya wizi inakuwa ndogo ukilinganisha na hewa yote inayoingia.

Sehemu za kukagua: mpira mkubwa kati ya filta na throto (mlango wa hewa wa injini), hasa kwenye mikunjo yake ya chini ambako jicho halifiki, upinde kwa mkono uone kama unafunguka, mpira mdogo wa valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue), mpira mnene unaoenda kwenye buta ya breki (inayosaidia nguvu ya mguu), gasketi ya manifoldi ya hewa. Joto la kwetu hukausha mipira, na gari la miaka ishirini lina mipira ya miaka ishirini. Kwa kuisikia, tumia kipande cha mpira wa maji, upande mmoja sikioni, mwingine ukiutembeza kwenye maungio. Utasikia mfyonzo.

Njia nyingine ni kunyunyizia maji kwa chupa ya kunyunyizia nywele, kidogo kidogo kwenye ungio moja moja. Mlio ukibadilika, umepafikia. Watu wengi hutumia dawa ya kusafishia kabureta. Inaonyesha vizuri, lakini inawaka moto, na manifoldi ya ekzosi iko hapo hapo. Mimi nimeacha.

Buta ya breki ina dalili yake: ukikanyaga breki likiwa sailensa, kunatokea mlio wa "fsss" ndani ya gari na resi zinabadilika. Hilo lisisubiri mwisho wa mwezi, ni breki.

Nimesafisha throto, sasa resi zimepanda hadi 1500 na hazishuki.

Pole, lakini si ajabu. Uchafu ulipokuwa unajikusanya kwenye kikombe cha throto (kile kibati kinachofunguka kupitisha hewa), kompyuta ilikuwa inajifunza kukifungua kidogo zaidi. Sasa umeondoa uchafu, yenyewe bado inafungua kwa kipimo cha zamani. Toyota nyingi hurudi zenyewe baada ya kuchomoa betri dakika chache na kuendesha siku moja au mbili. Nissan kama Tiida, March na X-Trail mara nyingi hazirudi. Zinahitaji kufundishwa upya kwa mashine au kwa mlolongo wa kukanyaga pedali wenye muda wake maalumu, na ukikosea sekunde unaanza upya. Kama throto yako ni ya umeme, siku nyingine usiisukume kile kikombe kwa kidole wakati swichi iko ON. Gia zake ndogo ni za plastiki.

Na kama resi zilipanda mara tu baada ya kufunga, angalia gasketi ya throto. Huenda imebaki mezani.

Vijana wa kuosha magari wameosha injini jana. Leo inamisi.

Maji yako kwenye matundu ya plagi. Toa koili, kausha kwa kitambaa, puliza kwa kompresa, acha juani, rudisha. Mara nyingi linapona. Mpira wa koili ukiwa na mstari mweupe mwembamba kama ufa wa kalamu, moto umeshapajua pa kupitia. Badili mpira huo au koili yenyewe.

Asubuhi linatetemeka dakika moja, kisha linakuwa zima siku nzima. Niliache?

Usiliache. Na hapa nina deni la kulipa.

Mwalimu mmoja aliniletea Spacio yenye dalili hizi hizi. Nilikuwa na haraka, nikapima mchana likiwa la moto, mashine ikaonyesha silinda ya tatu ilimisi, nikamwambia koili. Akanunua. Baada ya wiki akarudi: "Fundi, bado." Nikasema basi nozeli, tukasafisha. Akarudi tena, safari hii hakusema kitu, alinipa funguo tu. Nikamwomba aliache lilale. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla halijawashwa, nikatoa plagi zote nne. Tatu zilikuwa za kahawia, za kawaida. Ya silinda ya tatu ilikuwa safi, inang'aa, kama imetoka kwenye boksi dakika ile. Nilikaa nayo mkononi nikajua nimemtia mama wa watu hasara.

Plagi iliyo safi kuliko wenzake kwenye injini ya zamani imeoshwa kwa mvuke. Maji ya rejeta yalikuwa yanapenya kwenye gasketi ya hedi (iliyo kati ya bloku na kichwa cha injini) usiku, tone kwa tone, yanakaa juu ya pistoni. Asubuhi silinda inashindwa kulipuka mpaka yatoke, kisha gari zima. Mwulize mteja swali moja tu, "Unaongeza maji mara ngapi?" Mimi sikuuliza. Alikuwa anaongeza kikombe kila wiki na akidhani ni kawaida ya gari la zamani. Nilifungua hedi bila kumdai ufundi.

Kwa hiyo: linalotetemeka asubuhi, maji ya rejeta yanapungua, na moshi mweupe wenye harufu ya utamu kidogo unatoka mwanzoni, pima gasketi ya hedi kabla halijachemsha njiani Chalinze. Kama maji hayapungui, sababu nyingine ya asubuhi ni sensa ya joto la maji inayodanganya kompyuta kwamba injini ni ya moto, au nozeli inayovuja usiku.

Mimi ni kinyume, la baridi ni zima, likipata moto ndiyo linayumba.

Koili zinazokufa kwa joto hufanya hivyo. Sensa ya krank (inayosoma mzunguko wa injini) pia, lakini hiyo huzima gari kabisa na kuwaka tena likipoa. Tatu ni oili. Kwenye injini zenye VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadili wakati wa valvu kufunguka, kuna valvu ndogo inayoongozwa na presha ya oili, na ina chujio. Oili iliyopitiliza muda hutengeneza tope, valvu inaganda, taimingi inabaki mbele wakati wa sailensa na gari linatetemeka. Mashine ya kusoma makosa huleta namba P0011. Toa valvu, osha chujio, badili oili na filta. 1NZ inakula lita 3.7. Usikubali kuambiwa taimingi cheni moja kwa moja.

Likitetemeka nikiwasha kiyoyozi tu?

Kompresa ni mzigo, kompyuta inapaswa kufungua hewa kidogo kuufidia. Throto chafu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ukisafisha na bado, angalia beringi ya kompresa.

Taa ya cheki injini imewaka. Kupima kwa mashine si kunamaliza kila kitu?

Hakumalizi. Mashine inakwambia kompyuta imelalamika nini, haikwambii nani mkosaji. P0300 ni kumisi kusikokuwa na silinda maalumu. P0301 hadi P0304 ni silinda ya kwanza hadi ya nne. P0171 ni mchanganyiko mwepesi: inaweza kuwa hewa ya wizi, sensa ya hewa chafu, pampu dhaifu au filta ya petroli iliyoziba. Mtu akisoma P0171 akakuuzia sensa ya oksijeni, amekuuzia mjumbe aliyeleta habari.

Mwombe fundi asome namba moja zaidi: asilimia ya marekebisho ya petroli. Ikiwa juu sana kwenye sailensa, tuseme 20, halafu inashuka karibu na sifuri ukishikilia resi 2500, ni hewa ya wizi. Ikiwa nzuri kwenye sailensa na inapanda ukibeba mzigo, angalia pampu, filta au sensa ya hewa. Sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu tu, bila kugusa kwa kidole wala kitambaa.

Vifaa vidogo vya bluetooth vya kuchomeka chini ya dashibodi ni vizuri, ila kwenye Toyota za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 vingi vinakataa kuunganika, hata kama tundu linafanana. Usidhani kifaa kimekufa.

Inaweza kuwa mafuta mabaya?

Inaweza, kama tatizo limeanza kilomita chache baada ya kujaza. Zamani shida kubwa ilikuwa kuchakachua petroli kwa mafuta ya taa. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa hadi faida ya kuchanganya ikapungua. Sasa ninachokutana nacho zaidi ni maji, hasa masika. Toa petroli kidogo kwenye chupa angavu, iache itulie: maji yatakaa chini yenye mstari. Tunza risiti.

Gari langu linatumia gesi. Kwenye petroli ni zima, kwenye gesi linatetemeka.

Gesi asilia inahitaji umeme mkali zaidi kuwashwa kuliko petroli. Plagi au koili iliyoanza kuchoka itasalimika kwenye petroli na kuumbuka kwenye gesi. Anza hapo: plagi mpya, na waliofunga mfumo wengi hupunguza mwanya kidogo. Ikibaki, rudi kwa waliokufungia waangalie filta ya gesi, rediusa (kipunguza presha) na nozeli za gesi. Ila likitetemeka kwenye vyote viwili, gesi haina kosa, ni injini.

Injini yangu imeandikwa D-4. Mbona mafundi wanakunja uso?

Kwa sababu petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Kwenye injini ya kawaida petroli hupita nyuma ya valvu na kuziosha. Kwenye D-4 haipiti, kaboni inaganda juu ya valvu za hewa mpaka zinashindwa kupumua vizuri. Ongeza pampu ya presha na nozeli za bei mbaya. Ziko kwenye Noah, Voxy na Premio za cc 2000 za 2001 hadi 2007, zenye 1AZ-FSE, na kwenye Brevis. Zinatibika: manifoldi inafunguliwa, valvu zinasafishwa, oili haichelewi. Lakini kama hujanunua bado na bajeti yako ni ya kubana, chukua ya cc 1500 au 1800 isiyo na maandishi hayo.

Kompresheni hupimwa lini?

Plagi, koili na nozeli zikishahamishwa na ugonjwa haujahama. Silinda zikitofautiana zaidi ya baa moja (kipimo cha presha), kuna jambo. Weka kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu, pima tena: ikipanda, ringi, isipopanda, valvu au gasketi.

Naenda kukagua gari la mtu. Nifanyeje asinizunguke?

Mwambie usiku kwamba asiliwashe mpaka ufike, na ukifika gusa boneti. Ya moto? Muulize kwa nini, na umtazame usoni. Geuza swichi mpaka ON bila kuwasha: taa ya cheki injini lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa kuna mtu ameitoa. Saa ya gari na redio vikiwa vimerudi kwenye sifuri, betri ilichomolewa juzi, na kumbukumbu za makosa zimefutwa nayo. Likae sailensa dakika kumi na tano, washa kiyoyozi, weka D, taa zote. Mwenye gari akianza kukupigia resi ili "usikie injini", mwombe aondoe mguu.

Naweza kuendelea kulitumia wakati natafuta hela?

Kama ni mauntingi au throto chafu, ndiyo, kwa wiki kadhaa. Kama linamisi, inategemea taa ya cheki injini. Ikiwa imewaka tu, nenda polepole mpaka gereji. Ikiwa inawaka na kuzima, inapepesa, kontroo boksi inakwambia petroli mbichi inafika kwenye masega sasa hivi, nayo yanapata moto mpaka yanayeyuka. Masega ni ghali kuliko koili zote nne. Paki, chomoa soketi ya nozeli ya silinda iliyokufa kama unaijua, na ujikongoje hadi gereji ya karibu. Kama huijui, ita gari la kuvuta.